Mama, Zunguka

Alama nyekundu ilichorwa kwenye nguzo ya kwanza kabla Fundi Futi hajamaliza kuunga mkono wa shati. Askari wa halmashauri alichovya brashi kwenye kopo, akachora msalaba mnene, kisha akarudi nyuma kidogo kuutazama, kama mtu anayetundika picha sebuleni kwake.

"Rangi yako inarukia kitambaa cha mteja," Futi alisema.

"Mwisho wa mwezi hutakuwa na kitambaa hapa, mzee," askari akajibu kwa adabu, akahamia nguzo ya pili.

Hivyo ndivyo mafundi cherehani wa mtaa ule walivyopata habari. Kamati ya masoko ilikuwa imekaa ikaamua kwamba cherehani zote ziondoke kwenye kibaraza kirefu cha maduka, kwa kuwa waenda kwa miguu wamekosa pa kupita. Anayetaka kushona akodi chumba. Ni rahisi kusema neno "akodi" ukiwa umekaa kwenye kiti cha halmashauri. Wenye vyumba pale mtaani walidai kodi ya nusu mwaka mbele, na mafundi wengi hata kodi ya mahali walipolaza ubavu waliilipa kwa kumkwepa mwenye nyumba. Kibaraza kilikuwa na paa, mwanga, na wapita njia wasioisha. Kuondolewa pale kulikuwa sawa na mkulima kuambiwa akalime angani.

Fundi Futi aliitwa hivyo kwa sababu utepe wa kupimia haukuwahi kushuka shingoni mwake, hata msibani. Alikuwa mwenyekiti wa mafundi, na nguzo ya kwanza, ile ya pembeni inayoonekana na kila anayekwenda sokoni, ilikuwa yake. Hapo alikuwa na cherehani, kiti chenye mto, na meza ya kukatia ambayo ingeweza kulaza wagonjwa wawili bila kugombana.

Jioni ile aliingia nyumbani kifua mbele.

"Ni vita," alitangaza.

"Vua viatu kwanza," mkewe akasema. "Nimefagia."

Mkewe aliitwa Mama Vifungo. Alishona matundu na vifungo vya nguo zote za mumewe, akiwa nyumbani, na ulimi wake ulikuwa na ncha kama sindano yake. Kwenye kiti cha dirishani aliketi mama mzazi wa Futi, ambaye nyumba nzima na nusu ya mtaa walimwita Bibi. Tangu alipoanguka msimu wa mvua uliopita, Bibi alitembea kwa mkongojo. Alianguka wapi, hakupenda kueleza. "Chini," ndivyo alivyojibu kila aliyemwuliza.

"Vita na nani, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Na wachongezi, Mama. Halmashauri haikuamka tu asubuhi ikatuchukia. Kuna watu walikwenda kulalamika. Niwajue tu! Nikiwajua nitawashonea suruali zenye mguu mmoja."

Bibi aliutazama mkongojo wake kwa muda, kisha akaomba maji.

*

Mafundi walikuwa na bahati moja. Kulikuwa na chama fulani kilichowasaidia watu wa kazi ndogondogo kuzungumza na wakubwa, nacho kikawaletea mkufunzi. Alikuwa msichana mwenye sauti ya upole na karatasi kubwa kama mashuka. Kwa kuwa mwenyekiti ndiye mwenye sebule, mkutano ulifanyika kwa Fundi Futi. Mafundi walibanana kwenye mkeka na makochi, na karatasi zikabandikwa juu ya picha ya harusi.

"Wazee wangu," mkufunzi alianza, "kutetea haki si kupiga kelele. Ni kama kushona. Fundi hakati kitambaa kabla ya kupima."

Sebule ililipuka kwa makofi. Fundi Pindo, mzee mfupi aliyebobea katika kupunguza suruali za watu warefu, alisema maneno hayo yaandikwe kwenye bango. Yakaandikwa palepale. Hakuna aliyeyafikiria tena.

"Basi tupime," mkufunzi akaendelea. "Nani mwenye uamuzi?"

"Mwenyekiti wa kamati ya masoko. Bwana Kamati."

"Vizuri. Na nani walilalamika? Wanataka nini hasa?"

"Maadui," Futi alisema. "Wanataka tufe njaa."

Dirishani Bibi alikohoa. Mama Vifungo akamgongagonga mgongoni.

"Mzee, adui naye ana jina na ana shida yake," mkufunzi alisema. "Mngemtafuta mkamsikiliza."

"Binti yangu, ukimsikiliza nyoka atakwambia anatafuta joto tu. Tuendelee."

Mkufunzi alifunua karatasi nyingine. "Swali la mwisho. Mtajuaje kama mmefanikiwa?"

Hapo kila mtu alikuwa na la kusema. Wajue kwa wingi wa waandamanaji. Kwa idadi ya mabango. Kwa mwandishi wa habari kuja au kutokuja. Pindo alitaka iongezwe sauti ya nyimbo. Mkufunzi aliandika yote, kisha akakaa akichezea kifuniko cha kalamu.

"Wazee wangu, haya yanapima mmefanya nini. Hayapimi kimebadilika nini."

"Kitu kikipendeza, chenyewe kinabadilisha," Futi alimfariji. "Sasa tuje kwenye jambo kubwa. Tutavaa nini?"

Msomaji mwema, hapa ndipo palipoharibika. Wachimba mitaro wangeandamana na matope yao, na wachuuzi na matenga yao. Lakini mwambie fundi cherehani atoke mbele ya watu na shati lenye kiraka! Walibishana kuhusu kola mpaka chai ikapoa. Waliokuwa wakisinzia wakati wa swali la maadui waliamka wote kwa ajili ya rangi ya bitana. Mwisho walikubaliana: suti za bluu, pindo la njano, mfuko wa kifuani. Akiba yote ya chama ikageuka kitambaa. Mama Vifungo akageuka kiwanda.

"Vidole vyangu vimevimba," alimwambia mumewe, akikata uzi kwa meno. "Suti hizi ni za kuombea huruma au za kuposea?"

"Ni za heshima, mke wangu. Mtu humsikiliza aliyevaa."

"Haya. Mimi nashona tu."

*

Siku ya maandamano mji ulisimama. Watu walidhani ni msafara wa bwana harusi mwenye wapambe wengi. Mistari ya suruali ilikata kama kisu. Bango la mbele, lililodariziwa kwa uzi wa njano, lilisema: FUNDI HAKATI KABLA YA KUPIMA. Mwandishi alikuja. Watoto waliimba. Mke wa mwenye duka la vyombo alitoa machozi, ingawa baadaye ilijulikana kwamba alitamani mumewe naye avae vile.

Bwana Kamati alishuka ngazi za halmashauri mwenyewe. Alikuwa mtu mnene aliyevaa koti lililombana kwapani. Alimsogelea Fundi Futi, akaishika kola yake kwa vidole viwili.

"Nani kashona hii?"

"Sisi wenyewe, mheshimiwa," Futi alisema, na ndevu zake zikatabasamu.

"Hongereni. Kweli hongereni." Bwana Kamati aliwageukia watu. "Ndugu zangu, niliambiwa hawa ni masikini, wakihamishwa watalala njaa. Mimi ni mwenyekiti wa kamati na sina koti kama hili! Watu wa namna hii watashindwaje kukodi chumba?"

Watu walicheka. Mafundi nao, kwa sababu walikuwa wakisifiwa, walicheka kidogo kabla ya kugundua. Bwana Kamati akapiga nao picha, akasimama katikati, akarudi ndani.

Tathmini ilifanyika sebuleni siku ya pili. Fundi Futi alitoa asilimia themanini na tano.

"Kumi na tano zimekwenda wapi?" mkufunzi aliuliza.

"Bango la nyuma lilifumuka mshono. Lazima tuwe wakweli."

Mama Vifungo aliingia na sinia la chai. "Na cherehani zinabaki kibarazani?"

Vijiko vilikoma kugonga vikombe.

"Hilo," Futi alisema polepole, "halikuwa kwenye orodha."

Mkufunzi aliinama kunywa chai ili asionekane uso.

*

Mwisho wa mwezi askari walirudi. Hawakupiga mtu wala kuvunja kitu. Walisimama tu na gari lenye tela, wakisema asiyebeba chake watambebea wao. Fundi Futi alikataa tela. Alifungua kichwa cha cherehani, akakifunga kwa shuka, akajitwika. Alikuwa amevaa ile suti ya bluu, maana alikusudia kuwahutubia askari, na hotuba ikamkauka.

Basi mwenyekiti wa mafundi alikatiza mtaa mzima na cherehani kichwani, mafuta ya mashine yakimtiririkia kwenye pindo la njano. Mteja mmoja alimkimbilia.

"Fundi, sare za wanangu! Shule zinafunguliwa. Nikutafute wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Futi alitaka kumwonyesha kwa kidole, lakini mikono yote miwili ilikuwa juu. Akaonyesha kwa kidevu. Mteja alitazama upande ule, zilikojazana nyumba mia moja, akaondoka akitikisa kichwa.

Nyumba ilikuwa na sebule, chumba cha wenyewe, chumba cha Bibi, na ukumbi mwembamba wa kutokea uani. Cherehani ilikaa ukumbini kwa sababu ndipo penye dirisha. Meza ya kukatia iliingizwa kwa kuvunja kizingiti. Mama Vifungo alipika huku kiwiko chake kikigusa gurudumu. Wateja waliofika walikuwa wale waliodai nguo zao zirudishwe hata kama hazijaisha. Kufikia wiki ya pili Futi alikuwa akishona foronya za nyumba yake mwenyewe, ilimradi mguu upige pedeli.

"Mume wangu," mkewe alimwambia asubuhi moja, akitikisa kopo la sukari lisilotoa sauti, "tukimaliza foronya tutashona nini? Mapazia ya jirani?"

Kabla hajajibu, Bibi alitoka chumbani akienda uani. Alifika kwenye meza. Akajaribu upande wa kulia, akakutana na kiti. Akajaribu kushoto, gurudumu. Mkongojo ukanasa kwenye mguu wa meza.

Na Fundi Futi, akiwa ameinamia mshono, pini mdomoni, bila kuinua macho, alisema: "Mama, zunguka."

Mkongojo haukusogea. Alipoinua kichwa alimwona mama yake amesimama anatetemeka, na haikuwa kwa uzee.

"Nizunguke wapi?" Bibi aliuliza. "Niambie. Nitoboe ukuta? Kule kibarazani ulinambia, 'Mama, zunguka.' Nikazunguka. Nikashuka barabarani kwa sababu mwanangu ana meza kubwa. Pikipiki ikanitupa mtaroni. Nililala humo na mboga zangu, nasikia cherehani yako inavyokwenda, tr-tr-tr, wala hukugeuka."

Pini zilimdondoka Futi mdomoni moja moja.

"Mama... ulisema ulianguka chini."

"Mtaro uko juu?"

Mama Vifungo alikaa juu ya ndoo.

"Mimi ndiye niliyekwenda halmashauri," Bibi alisema. "Mimi na mama mwenye mapacha, na yule kipofu muuza ndala. Tulimwambia Bwana Kamati tunataka njia. Ndiyo, mimi ndiye adui yako. Haya, nishonee suruali ya mguu mmoja, maana mwingine umekwisha kuharibika."

*

Fundi Pindo alipopata habari alikuja mbio, akasikitika, akatikisa kichwa, kisha akashindwa kujizuia.

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mwenyekiti. Na wewe fundi nguo!"

"Nguo gani, wewe kipande cha mtu?" Bibi alifoka kutoka dirishani. "Nimemla wapi? Nimemzaa!"

Fundi Futi hakuwa amepiga pedeli tangu asubuhi. Alikuwa ameketi, utepe shingoni, akiutazama mguu wa mama yake kana kwamba ni mara ya kwanza kuletewa.

"Mama," alisema hatimaye, "ulitaka tufukuzwe?"

"Nani kasema mfukuzwe? Nilitaka njia. Kufukuza ni akili yao. Mtu anaomba kiraka, wao wanachoma shati."

"Njia ya upana gani?"

Swali lilimtoka kwa mazoea, kama anavyomwuliza mteja urefu wa mkono. Bibi alifikiri. Akaulaza mkongojo kwa mapana mbele yake, akaushika katikati kwa mkono mmoja.

"Hivi. Nikiulaza hivi nipite, basi. Mwenye mapacha atapita, na kipofu atapita."

Futi aliuvua utepe shingoni. Akaupima mkongojo wa mama yake, ncha hadi ncha, akaupima tena. Kisha akamwangalia Pindo.

"Tumepima viuno vya mji mzima," alisema. "Kibaraza hatujawahi kukipima."

Walikwenda mchana uleule, mwenyekiti na Pindo, wamevaa mashati ya kazini yenye chaki. Walipiga magoti wakapima kutoka ukutani hadi ukingoni, nguzo hadi nguzo, huku wenye maduka wakiwauliza kama wanakishonea kibaraza gauni. Cherehani zikigeuzwa ubavu zikaegemea ukuta, njia ilibaki. Ilibaki vizuri tu. Pindo alianza kucheza.

"Meza yangu, je?" Futi aliuliza.

Pindo aliacha kucheza. "Isukume sana ukutani, Mwenyekiti. Labda."

*

Safari hii hapakuwa na bango. Bibi alitangulia, Futi nyuma, na mkufunzi akawasindikiza hadi mlangoni mwa halmashauri, akakataa kuingia. "Mnajua la kusema," alisema. "Mimi nitaharibu."

Bwana Kamati alimtambua Bibi mara moja. "Si yule mama wa malalamiko? Mbona nimekutimizia?"

"Hukunitimizia, mwanangu. Nilikuomba njia, ukaniletea cherehani ndani ya nyumba. Sasa siwezi kufika hata uani. Na huyu ni mwanangu, asiposhona mimi nakula nini? Hiyo njia yako?"

Bwana Kamati alimtazama Futi, shati lake, chaki yake, vidole vyake. Ni dhahiri hakumkumbuka bila ile kola.

Futi alieleza. Cherehani zitageuzwa. Mstari wa chaki utachorwa, na hakuna atakayeuvuka. Kipimo ni mkongojo.

"Maneno," Bwana Kamati alisema, "ni mengi sana humu ofisini. Ziwekeni kama mnavyosema, siku moja. Nitakuja na wajumbe. Mama atembee kutoka mwanzo hadi mwisho, mkongojo umelala. Akipita bila kushuka barabarani, nitalirudisha kwenye kamati. Akigusa kitu hata kimoja, msije tena. Na asisaidiwe."

"Nani atanisaidia?" Bibi alisema. "Hawa?"

*

Siku hiyo mafundi walipanga cherehani zao zimeegemea ukuta kama watoto waliokosa, na Futi akairudisha meza yake kwenye nguzo ya kwanza, ameisukuma ukutani. Bwana Kamati alisimama na wajumbe wawili. Mwenye mapacha alikuja, na kipofu muuza ndala alikuja, akiomba aelezwe kila kitu. Mama Vifungo alisimama karibu na nguzo ya mwisho, amefunga khanga kiunoni kwa nguvu.

Bibi alianzia upande wa mbali. Aliulaza mkongojo, akaanza kutembea taratibu. Nguzo ya tano, sawa. Ya nne, sawa. Kwenye nguzo ya tatu Pindo alivuta tumbo ndani mpaka akageuka rangi. Ya pili, sawa. Watu walianza kunong'ona kwa furaha.

Kwenye nguzo ya kwanza mkongojo ulisimama inchi moja kabla ya pembe ya meza ya kukatia.

"Upinde kidogo, Bibi!" Pindo alinong'ona kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni.

"Mkongojo haupindi eti kwa sababu huyu ni mwanangu," Bibi alisema. Hakugusa meza. Alisimama tu.

Meza ile Fundi Futi aliachiwa na bwana aliyemfundisha kazi. Juu yake alikata suti yake ya kwanza. Bila meza, mwenyekiti angekata nguo juu ya mapaja kama mwanagenzi. Bwana Kamati alitazama saa yake. Bibi alimtazama mwanawe, na kila aliyekuwa pale alijua ni neno gani limesimama kati yao wawili.

Fundi Futi aliinuka.

"Pindo," alisema. "Shika upande ule."

Waliiinua. Ilikuwa nzito, miguu yake ikakwaruza sakafu, chaki na vipande vya kitambaa vikamwagika. Wakaishusha barabarani, palepale kando ya mtaro. Futi alirudi akakaa kwenye kiti chake, magoti yamebana, mikono haina pa kukaa.

Bibi akapita.

"Kapita?" kipofu aliuliza.

"Kapita," mwenye mapacha akamwambia. "Sasa sogea, na sisi tunapita."

*

Kamati ilichukua muda wake, kama kamati zote. Mwishowe sheria ilirekebishwa, na askari yuleyule alikuja na chokaa kufuta misalaba yake. Haikufutika vizuri. Mpaka leo nguzo zina madoa ya waridi, na wateja wengine hudhani ni urembo.

Mkufunzi alirudi kwa tathmini. Safari hii walikaa kibarazani, yeye kwenye kiti chenye mto. Suti za bluu zilikuwa zimeuzwa kwa kwaya.

"Mwenyekiti," alisema, kalamu mkononi, "unatoa asilimia ngapi?"

Fundi Futi alikuwa akikata kitambaa juu ya ubao aliouweka mapajani. Ulikuwa ukimsumbua, na mstari haukuwa mnyoofu kama zamani.

"Sijui," alisema. "Ngoja anayejua aje."

Hawakungoja sana. Bibi alitokea upande wa soko na kikapu cha mboga mkono mmoja, na mkongojo ameulaza mkono wa pili. Hakukuwa na sababu yoyote ya kuulaza. Angeweza kuuegemea kama watu wote. Lakini alipita hivyo kila siku, mafundi wakivuta miguu ndani mmoja baada ya mwingine. Pindo alikuwa ametanua goti nje ya mstari, likagongwa.

"Aa, Bibi!"

"Zunguka," Bibi akamwambia.

Alipofika nguzo ya kwanza, Fundi Futi hakuinua macho kutoka kwenye kitambaa. Aliuvuta mguu wake ndani, akaendelea kukata.